Mninga, msaji, paina au bodi? Kuchagua samani kwa kuhesabu miaka ya mti

Kitanda cha bibi yangu kule Pangani kina matendegu manne, yaani miguu, mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili vya kichwani na miguuni, vyote vya mvule, na hakina msumari hata mmoja. Ncha za mifumbati zimechongwa ndimi, ndimi zikaingia kwenye matundu ya matendegu, basi. Kamba zilipolegea, mjomba alikitoa barazani akakiwamba upya. Kitanda kile kinamzidi mama yangu umri, na bado kinalaliwa.

Kabati letu la kwanza la nguo, tulilonunua mwezi mmoja baada ya harusi, lilikuwa la chipubodi iliyofunikwa karatasi yenye sura ya mbao nyekundu. Nilipiga deki kila asubuhi kama nilivyofundwa nyumbani. Mwaka wa pili miguu yake ikaumuka kama unga wa maandazi. Wa tatu bawaba zikang'oka na skrubu zake. Fundi niliyemwita alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye tundu la skrubu, unga ukamwagika, akasema, "Dada, hapa hakuna pa kushika."

Neno lile ndilo lililonifanya nianze kulinganisha mbao kwa makini, na tangu hapo ndugu na marafiki wanaoanza nyumba huniuliza wanunue nini. Nitalinganisha aina nne unazokutana nazo ukizunguka Keko, Dar es Salaam, au maduka ya samani popote Tanzania: mninga pamoja na wenzake wa msitu wa asili, yaani mkongo na mvule, msaji wa mashambani, ambao wengine huuita mtiki, paina, na bodi, yaani MDF na chipubodi. Kipimo changu ni hiki: samani iishi angalau miaka ambayo mti wake uliishi. Chini ya hapo tunakula kuliko msitu unavyorudisha.

Miaka ya mti

Mninga ni mti wa misitu ya miombo: Tabora, Katavi, Rukwa, Ruvuma, Lindi. Mche wake hutia huruma. Kwa miaka kadhaa ya mwanzo shina hufa kila kiangazi, kwa ukame au kwa moto, na mvua zikinyesha mzizi huchipua tena, mpaka siku uwe na nguvu ya kusukuma shina lisilokufa. Kutoka hapo hadi unene wa kupasuliwa mbao ni miaka 80, 100, wakati mwingine zaidi. Ukiukata hutoa utomvu mwekundu, na aliyeona kisiki kibichi cha mninga hasahau. Haulimwi mashambani kama paina, kwa hiyo ubao unaouona umeegemezwa ukutani kwa fundi umetoka msitu wa asili, na yaelekea mti wake uliota kabla ya Uhuru.

Msaji ni mgeni aliyekuwa mwenyeji. Asili yake ni India, Myanmar na Thailand. Pwani yetu iliujua zamani kupitia milango, maana baadhi ya ile mikubwa ya nakshi ya Zanzibar ilichongwa kwa msaji uliovushwa bahari kutoka India. Wajerumani waliupanda Tanganyika mwaka 1898, na leo una mashamba yake Longuza wilayani Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro na bonde la Kilombero. Huvunwa ukiwa na miaka 20 hadi 30, kisha hupandwa mwingine.

Paina ya kwetu nyingi hutoka Nyanda za Juu Kusini, hasa Sao Hill kule Mufindi, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini. Miaka 18 hadi 25 inatosha.

Bodi nayo nitaitendea haki. Chipubodi hutengenezwa kwa vipande vidogo vya mti vilivyoshindiliwa na gundi. MDF kwa nyuzi laini zaidi. Zote mbili zinaweza kula miti midogo na masalia ya viwanda vya mbao ambayo yangechomwa bure. Kwa hesabu ya mti peke yake, bodi inawashinda wote watatu. Inaposhindwa ni kwenye upande wa pili wa kipimo, yaani miaka inayodumu nyumbani.

Sasa weka hesabu hizo mbili pamoja. Kitanda cha mninga kikitupwa baada ya miaka 15 kwa sababu kimepitwa na mtindo, tumepoteza miaka 65 au zaidi ya msitu. Cha paina kikitupwa baada ya miaka 15, deni ni miaka michache, na shambani mti mwingine umekaribia kuvunwa. Jambo jingine ni kwamba karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni ambayo mti uliivuta hewani. Mbao ikiwa sebuleni, kaboni hiyo imefungwa ndani yake. Ikichomwa au kuoza inarudi juu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mninga ni mbaya na bodi ni nzuri, wala na wanaosema kinyume chake. Aliyenunua mninga amekopa mkopo mkubwa, na lazima awe na nia ya kuulipa, yeye na watoto wake.

Mchwa, maji na deki

Hapa mninga unastahili sifa zote unazopewa. Mchwa wakikipitia kiini chake, ile mbao ya ndani ya gogo, huendelea na safari. Na kuna sifa ambayo wanunuzi hawaisemi lakini mafundi wanaijua: hauvimbi wala kusinyaa sana misimu ikibadilika. Droo ya mninga iliyofunguka vizuri wakati wa kiangazi itafunguka masika.

Msaji unakaribia hapo. Una mafuta yake ya asili, na kiini chake hustahimili unyevu na mchwa. Sharti ni hicho kiini. Msaji uliovunwa mchanga una weupe mwingi pembeni, na weupe huliwa kama mti mwingine wowote. Mafundi wengine huupaka rangi ufanane na kiini, mteja asijue mpaka unga uanze kudondoka. Mwambie fundi akuonyeshe mbao kabla ya rangi, na mkubaliane kwamba matendegu, mifumbati na miguu ya meza vitatoka kwenye kiini. Weupe unaweza kwenda kwenye chaga za kubebea godoro au mgongo wa kabati.

Paina isiyo na dawa hubunguliwa, na mchwa huipenda. Iliyotiwa dawa inadumu, lakini uliza dawa gani. Ile inayoacha rangi ya kijani kwenye nguzo na kenchi ina shaba, kromu na aseniki. Inafaa paa na uzio. Isiingie kwenye meza ya chakula wala kitanda cha mtoto, na vipande vyake visipikiwe kamwe, kwa kuwa sumu hubaki kwenye moshi na majivu. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeona mabaki yake yakiokotwa kwa ajili ya jiko la maharage. Kwa samani za ndani zipo dawa za boroni ambazo ni salama zaidi.

Bodi na maji haviishi pamoja. Ukingo wa juu na wa mbele hufunikwa vizuri dukani; ukingo wa chini, ule unaokutana na deki, mara nyingi huachwa wazi. Ukiinunua, ilaze chali kabla ya kulipa, tazama chini. Jambo la pili ni gundi. Bodi nyingi hushikwa na gundi inayotoa fomaldihaidi, kemikali ambayo shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Tafuta alama ya E1 au E0 kwenye bodi, maana yake inatoa kiasi kidogo. Kabati jipya linalowasha macho ukilifungua lisilazwe chumba kimoja na mtoto mchanga. Acha milango yake na madirisha wazi kwa siku nyingi.

Pa kushika

Mpaka hapa nimezungumzia mbao, lakini kwa niliyoyaona, kinachoamua maisha ya samani ni ubunifu kuliko mbao. Nimeona kitanda cha mninga kilichokufa ndani ya miaka sita kwa kupigiliwa misumari, na meza ya paina ya mwalimu wangu iliyohudumu zaidi ya miaka 40.

Msumari hushika mara moja. Ukiung'oa, tundu limepanuka, na unaofuata unashika robo. Skrubu ni afadhali kwenye mbao nzima. Kwenye chipubodi hujing'oa na unga wake. Ulimi ulioingia kwenye tundu lake hubeba uzito kwa mbao yenyewe, na ukilegea, fundi anaufungua, anatia kabari au gundi mpya, anaurudisha. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi kabla ya bei ni: "Viungo vyako ni vya namna gani?" Akianza kukueleza kwa mikono, umempata. Ukiona anabadilisha mada kwenda kwenye rangi, nenda kwa jirani yake.

Swali la pili ni kama kitu kinafunguka. Wengi wetu ni wapangaji. Kodi ikipanda tunahama, kirikuu kinakuja, na kila kuhama kunapunguza umri wa samani isiyofunguka. Kitanda kizuri cha mpangaji hufungwa kwa boliti na nati zilizopita kwenye mbao nzima: kitakizo, mifumbati, chaga, kila kimoja peke yake. Kabati la milango mitatu liwe vipande viwili vinavyosimama pamoja. Samani za bodi nazo huuzwa zikiwa zimefunguliwa, lakini vifungio vyake vidogo vya kuzungusha hushika vizuri mara ya kwanza tu. Ukifungua na kufunga mara tatu, tundu limelegea na kabati linayumba ukilisukuma kwa kidole. Mababu zetu wa pwani walilitatua jambo hili zamani. Kitanda cha bibi kilivuka mto Pangani kwa pantoni kikiwa fungu la mbao.

Tatu, kinachochakaa kwanza kiwe rahisi kubadilisha. Hapa ndipo ninapopenda kuchanganya mbao. Chaga hazina haja ya kuwa mninga. Weka paina, ikivunjika moja unanunua moja. Mgongo wa kabati na sakafu ya droo viwe plaiwudi. Mbao ya gharama iende mahali penye mzigo: miguu, fremu, viungo. Kwa sofa, omba kuiona fremu kabla haijavikwa kitambaa, maana chini ya kitambaa kizuri huwa pamejificha mabanzi yaliyopigiliwa ovyo, na hakikisha foronya za mito zina zipu. Kitambaa hufa kabla ya fremu, na sofa nyingi hutupwa zikiwa na mifupa mizima.

Vipimo navyo ni ubunifu. Agiza kitanda cha godoro linalouzwa kila mahali, futi 4 kwa 6, 5 kwa 6 au 6 kwa 6. Vipimo vya ajabu vitakufunga kwa fundi mmoja wa magodoro, na godoro likichoka utashawishika kubadilisha kitanda kizima.

Halafu umaliziaji. Vanishi ngumu inang'aa siku ya kwanza, lakini ikichubuka meza yote inataka kupigwa msasa upya. Mafuta au nta having'ai hivyo. Hata hivyo kovu dogo unalipaka mwenyewe kwa kitambaa jioni moja. Mimi natumia nta ya nyuki. Nzuri sana inatoka Tabora, kutoka miombo ileile inayotoa mninga, na kila nikinunua kopo nakumbuka kwamba msitu uliosimama nao unalipa.

Ukavu sitausema kwa kirefu, ila usiupuuze. Mbao mbichi itapinda na kupasuka hata iwe ya mti gani. Kwa pwani, ubao uwe umekauka hadi unyevu wa asilimia 12 hadi 15 hivi, na bila tanuru hiyo ni kazi ya miezi, mbao zikiwa zimepangwa kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite. Fundi anayekuahidi kabati la mbao ngumu kwa siku nne awe na stoo ya mbao kavu ya kukuonyesha.

Mfukoni

Tuseme kabati la bodi ni shilingi 450,000 na linadumu miaka mitano. Hiyo ni 90,000 kwa mwaka. La msaji lenye viungo vya ulimi tuseme ni 1,200,000, likadumu miaka 30: ni 40,000 kwa mwaka. Badilisha tarakimu kwa bei utakazoambiwa wewe, hesabu ni ileile.

Najua jibu la wengi: milioni na laki mbili haipo mkononi leo, laki nne na nusu ipo. Ni jibu la haki, na ushauri wa kununua kitu cha gharama usiolijali huwaacha watu njiani. Ninachosema ni kupanga zamu. Anza na kitanda kizuri. Nguo zikae mwaka mzima kwenye fremu ya chuma na pazia, fundi wa kuchomelea anaitengeneza kwa bei ndogo, na baadaye chuma hicho kinauzwa au kinayeyushwa. Kabati lije zamu yake ikifika.

Njia nyingine ni vya zamani. Samani iliyotumika haikati mti mpya hata mmoja, na mninga wa miaka 40 iliyopita ukiwa na viungo vizima ni bora kuliko msaji mpya. Uinue upande mmoja, mbao ngumu ni nzito. Kwaruza kidogo mahali pasipoonekana, chini ya droo: mninga una kahawia yenye michirizi na harufu yake nzuri, paina iliyopakwa rangi itaonyesha weupe papo hapo. Tazama matundu madogo ya wadudu. Tundu kavu lenye giza ni la zamani. Penye unga mpya chini yake wadudu bado wako kazini, samani hiyo iache au itibiwe kabla haijaingia ndani.

Mbao imepita wapi

Mti wa msitu wa asili uliokatwa kwa wizi huuzwa kwa bei nafuu, kwa sababu hakuna aliyelipwa, si kijiji wala serikali. Mbao halali huwa na alama ya nyundo, yaani muhuri unaogongwa kwenye mbao, na hati ya kuisafirisha kutoka Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Fundi wa mtaani pengine hana hati mkononi, lakini muuza mbao wake anapaswa kuwa nayo, na risiti ya kununulia ni haki yako kuiona. Mwezi Novemba 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama uliingiza jamii yote ya mininga ya Afrika, pamoja na mikongo, kwenye Kiambatisho cha Pili, kwa maana kwamba magogo na mbao zake hazivuki mipaka bila kibali. Hakuzuiwi kutengeneza kitanda Dar es Salaam. Ni ishara tu kwamba dunia imeona mti unakwenda kasi kuliko unavyoota.

Upo pia mfano unaonipa moyo. Vijiji vya Kilwa vinavyosimamia misitu yao wenyewe, vikisaidiwa na shirika la Mpingo, vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unatunzwa vizuri, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Wanahesabu miti, wanakubaliana mingapi ikatwe, na fedha inabaki kijijini. Ukitaka mbao ya asili kwa moyo mweupe, tafuta ya namna hiyo, na ulipe bei yake bila kulalamika.

Ningenunua nini

Kitanda: msaji, kiini kwenye fremu, boliti, chaga za paina. Kama umepata cha mninga kilichotumika, chukua hicho kwanza. Mninga mpya ningeuacha kwa anayejua hakika kwamba kitanda kitarithiwa.

Meza ya chakula: msaji tena, juu ipakwe nta au mafuta. Kwa bajeti ndogo, paina nene iliyokauka vizuri, miguu ikikalia vipande vya mpira isiguse sakafu yenye maji.

Kabati la nguo: fremu ya msaji au paina yenye dawa ya boroni, mgongo wa plaiwudi. Bodi naikubali hapa kwa sharti moja, lining'inie ukutani au lisimame juu ya miguu ya chuma ya inchi nne, mbali na deki. Makabati ya juu jikoni pia bodi inatosha. Ya chini karibu na sinki, kamwe.

Kitanda cha bweni au cha nyumba ya kupangisha: chuma, wala usisumbuke na mbao.

Mwaka jana niliagiza kitanda chetu cha sasa, msaji, futi 5 kwa 6. Nilimwomba fundi achonge kwa patasi namba ndogo kwenye kila kiungo, moja kwa moja, mbili kwa mbili, mahali ambapo hapaonekani kikishafungwa. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia atakayekifungua mara ya mwisho huenda bado hajazaliwa, na nataka ajue mfumbati upi unaingia tendegu lipi. Akachonga zote nane, kisha akaongeza mwaka kwa ndani ya kitakizo cha kichwani.